Manete ya Ndege Haichaguliwi na Motari

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kama vile ilikuwa mwaka jana, kwa sababu ilikuwa mwaka jana. Nilikuwa bado kijana. Leo niko na miaka kumi na saba, magoti yanalia nikiamshwa kwenda masomo, na kwenye kidevu kumeota ndevu ambazo mama anaziita uchafu. Kwa hiyo kaa chini, weka simu pembeni, usikilize mzee wako, hata kama umenipungukia miaka michache tu. Nimesikia unataka kununua manete, kile kijiti cha kushika mkononi kama rubani, ili urushe ndege za mchezo kwenye ordinateri, kompyuta ya nyumbani. Nimesikia pia kwamba umekwisha kuomba ushauri kwa motari, mwendesha pikipiki wa abiria. Ndiyo maana nimekuita haraka.

Mimi nami nilianza na klavye, vile vitufe vya kuandikia, kama wewe. Kurusha ndege kwa klavye ni kula uji kwa uma: unashiba siku nyingine. Lakini nilikuwa na mdomo mkubwa. Tukiwa mezani nikamwambia Koko, bibi yangu, mama yake papa, kwamba Jumapili nitampeleka uwanja wa Kavumu kwa ndege, aone kwao toka juu.

Koko ni wa Katana, karibu na Kavumu, upande wa Bukavu. Miaka mingi hajafika kule. Ndege za kweli zilikuwa zimesimama, barabara unaijua mwenyewe, na boti haitaki kabisa. Koko akiona ziwa kwenye kalenda tu, anatafuta ndoo ya kutapikia. Basi niliposema neno "Kavumu" aliweka chini tonge la bugali, na kesho yake mamama wote wa kikundi chake cha sala walikwisha kujua kwamba mjukuu anamsafirisha.

Sasa dada yangu Furaha alikuwa anamaliza chuo kikuu, na alitaka ordinateri yetu ya salon, pale sebuleni, ihamie chumbani kwake aandike kazi yake ya mwisho. Papa anafanya kazi ofisini na anapenda kukata kesi hata za kuku. Akakata na hii.

"Siku ya Mungu, tukitoka misa," alisema. "Ukimufikisha mama yangu Kavumu bila kumuangusha, masini inabakia mu salon. Ukimuangusha, inaenda kwa Furaha mpaka amalize masomo."

Furaha alichukua kamba, akaenda kupima meza ya chumbani kwake.

Nikaona klavye itaniua. Nikaenda Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, na Tonto Bahati, mdogo wake mama, motari wa kila siku, mtu anayevaa kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, hata kwenye meza ya chakula. Kule tukakuta mama mmoja anayeuza vyombo vya elektroniki vilivyokwisha kutumika. Alikuwa na manete mbili. Ya kwanza nyeusi, nzito kama jiwe la lava, na pembeni yake kifimbo kidogo cha kusukuma mbele na nyuma. Ya pili nyekundu, nyepesi, inawaka taa kama bar ya Jumamosi.

"Hii kifimbo ya pembeni ni ya nini?" Tonto aliuliza.

"Ya gazi," yule mama alijibu. "Njo inaongezaka mwendo."

Tonto alicheka mpaka kaske ikamfunika macho. "Gazi pembeni? Mama, gazi iko mu mukono! Ona." Akashika ile nyekundu, akazungusha mpini, akaunguruma kwa mdomo: vrrr, vrrr. "Unaona, mupwa? Inazunguka. Hii njo gazi. Ile ya pembeni ni ya batu hawajue kuendesha."

"Papa wa kaske, mimi nauzisha tu," yule mama alisema. "Lakini hata nyeusi inazungukaka."

"Iko na taa?"

"Hapana."

"Basi."

Usinicheke, mwanangu. Umezaliwa katika mji ambao padri, nesi, godoro na bibi arusi wote wanapanda moto, yaani pikipiki. Ni nani kati yetu angekuwa na mashaka kwamba mkono wa kuume ukizunguka, mwendo unaongezeka? Nikabeba nyekundu, nikaimba mpaka nyumbani, na kwa kiburi sikuijaribu hata kidogo. Nilitaka ianze kazi mbele ya watu.

Jumapili tukatoka misa. Salon ilijaa. Koko alivaa kikwembe kipya cha kitenge na viatu vyake vya sikukuu, akabeba na kikapu, maana hakuna anayeenda kwao mikono mitupu. Mama alikwisha kuivalisha manete kitambaa cheupe cha kufuma, kama anavyovalisha televisheni, radio na viti vyote vya nyumba ile. Nilipojaribu kukitoa aliniangalia vile mama anaangalia mbele ya wageni. Nikakiacha. Nilishika manete kama mtu anayeteremsha sufuria toka kwa moto.

"Koko, uko tayari?"

"Niko tayari tangu juzi."

Nikazungusha mpini. Ndege ikasogea polepole, ikageuka kushoto. Nikazungusha tena. Ikageuka zaidi.

"Tia gazi!" Tonto alipiga kelele.

"Minatia!"

"Tia ya kweli!"

Nikazungusha mpaka mwisho. Ndege ikaanza kuzunguka palepale kwenye uwanja wa Goma, kama mbwa anayetafuta mkia wake. Watu wote wa salon walianza kuinamisha vichwa upande mmoja. Koko alishika kiti kwa mikono miwili.

"Mujukuu," alisema, "tunaenda kwetu ama tunatafuta heleni imeanguka?"

Ndipo nilipoelewa. Mpini ukizunguka unageuza mkia wa ndege, basi. Gazi ya manete ile haikuwapo kabisa. Ilibaki kwenye klavye. Lakini manete ilikuwa nyepesi hata ikainuka mezani kila nikiivuta, kwa hiyo mkono mmoja ulishika mpini, wa pili ulikandamiza kitako chake, na wa tatu Mungu hakunipa. Furaha alikwisha kuanza kukunja waya wa radio ili apitishe ordinateri.

Koko alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Kintu inakimbia mu meza vile, na mutu anasonga peke yake!" alisema. "Bugali ikiwa nyingi, kuko wa kusonga na kuko wa kushika chungu. Weye wa kaske, shika chungu. Furaha, ile gazi iko wapi? Weka kidole."

"Koko, mimi nataka aanguke!"

"Niko ndani ya ndege, Furaha."

Tonto alipiga magoti, akakumbatia kitako cha manete kwa mikono miwili, na kaske yake. Furaha akaweka kidole kwenye klavye kama mtu anayegusa chura. Ndege ikakimbia, ikainuka, na mamama wa sala wakapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Tulipita juu ya ziwa. Koko alifunga macho, akatafuta ndoo kwa mguu. Ndipo Furaha, ambaye ni ndugu yangu wa tumbo moja, alipohamisha kidole chake kwenye kitufe cha kupunguza.

"Naandika kazi yangu kila siku mpaka saa ya chakula," alisema kwa sauti ya upole. "Ama Koko aoge?"

"Furaha, hapa ni juu ya maji!"

"Njo maana nauliza hapa."

"Kila siku! Mpaka chakula! Nakubali!"

Papa akasema amesikia, na ushahidi umepokelewa.

Ng'ambo ile nikaona uwanja wa Kavumu. Nikashuka vizuri, mwanangu, nakuambia vizuri, magurudumu yakagusa. Lakini Tonto alipiga kelele "Kata gazi!" na mkono wangu, mkono wa mtoto wa Goma, ukarudisha mpini nyuma kama kwenye pikipiki. Mkia ukatupwa pembeni. Ndege ikatoka kwenye uwanja, ikaruka mtaro, ikapasua majani, ikasimama katikati ya shamba.

Hata Tonto alitoa kaske.

"Hii si uwanja," papa alisema.

"Kamba yangu iko wapi?" Furaha aliuliza.

Koko alifungua macho. Akasimama, akasogeza pua mpaka karibu na ekrani, kioo cha masini. "Apa ni wapi?"

"Pembeni ya Kavumu, Koko. Mu shamba."

Aligusa yale majani ya kijani kwa kidole. "Kaka yangu haishi ku uwanja wa ndege," alisema. "Anaishi mu shamba. Mungenishusha kule, nani angenibeba mpaka apa na hii magoti?"

"Mama," papa alijaribu, "mapatano yalikuwa Kavumu, na tena..."

"Weye nilikuzalia wapi?"

Papa alikohoa. "Mu shamba, mama."

"Ni vile."

Kesi ikafungwa, masini ikabakia salon. Koko alivuta kiti chake mbele ya ekrani, kikapu kwenye mapaja, akatukataza kuigusa masini. Tulikula, tukaosha sahani, yeye bado anaangalia lile shamba lisilokuwa na mtu hata mmoja. Mchana ukaenda hivyo mpaka umeme ukakatika na ekrani ikawa nyeusi.

"Basi," alisema, "kule wameenda kulala." Akatoa viatu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda Birere chukua ile nzito, hata kama ni mbaya ya sura kama mimi asubuhi. Ivute juu ya meza: ikiinuka, iache. Tafuta yenye kifimbo chake cha gazi, na mpini uzungushe ukijua unageuza mkia, si mwendo. Itikise pia usikie kama ndani kuna mchanga wa volkano, maana vumbi letu linaifanya ndege itetemeke kama iko na malaria. Ijaribu kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya mtu mmoja tu asiyependa kusimulia. Motari mpende, mpe chakula, lakini umwite siku unataka kushikiwa chungu. Na ukimwahidi mtu kumfikisha kwao, uliza kwanza kwao ni wapi hasa, maana wengi wanatua kwenye uwanja na hakuna anayewangojea pale.

Nenda sasa. Umeme ukae mpaka magurudumu yaguse chini. Kitambaa cha mama kisinase kwenye mpini. Dada yako asiwe na kazi ya kuandika. Na popote utakapoangukia, Mungu aweke pale shamba la mtu anayekujua jina.