Kura ya Walimu Kumi na Wawili

Mwalimu Candida alikuwa na miaka tisa Kariakoo, na bado hakuna aliyemgongea mlango jioni. Alitoka kwao Rombo na sanduku moja, akapanga chumba Mtaa wa Sikukuu, na humo akapika, akala, akaosha sahani yake moja. Wapangaji wenzake hawakuwa wabaya, jamani. Kila mtu alikuwa na wake tu. Watu wa Candida walikuwa watoto wa darasa la saba, na hao mchana ukifika walitawanyika kwenda kwa mama zao.

Ndiyo maana, mwaka ule wa sabini na nne, agizo lilipokuja kwamba shule itoe mwalimu mmoja aende kijiji kipya cha ujamaa, huko ndani Liwale, moyo ulimlipuka. Ilimchukua miaka mpaka wauza nazi sokoni wamwite kwa jina. Leo aanze tena ugeni, kwa umri ule? Hakutaka, asilani!

Mwalimu Mkuu, Mzee Shomari, akawatuliza. "Hakuna atakayeonewa. Tuko walimu kumi na wawili. Ijumaa tutapiga kura: majina kwenye karatasi, tutachota moja."

Candida akapumua. Kura alikuwa anaijua, maana wiki ile ile alikuwa anafundisha uwezekano. Alitia vizibo kumi na viwili vya soda kwenye kikapu, kimoja tu chekundu, akamfunga mwanafunzi mmoja, Fikirini, kitambaa machoni. Fikirini akachota cheupe. Akarudisha, akatikisa, akachota tena: cheupe. Darasa zima kelele.

"Mwalimu, chekundu hakitaki kutoka!"

"Kinataka, ila nafasi yake ni moja kati ya kumi na mbili," alisema Candida. "Ndogo hiyo. Msihangaike nayo."

Hasa alikuwa anajiambia mwenyewe. Wiki nzima alilala vizuri.

Masikini Candida! Alihesabu karatasi, akasahau kuhesabu wenye udhuru.

Ijumaa Mzee Shomari alileta kopo la samli lenye majina yao. Hajalitikisa, Mwalimu Hyasinta akanyoosha mkono: mume wake anafanya kazi bandarini, atamwachia nani? Kweli, wakasema wenzake, na jina lake likatolewa. Augustino ana mapacha wachanga. Likatolewa. Sadalla anamuuguza mama yake. Candida, kwenye benchi la nyuma, alijikuta anapiga hesabu bila kutaka. Moja kati ya tisa. Huyu ana wajukuu, yule kesho kutwa analeta posa. Moja kati ya nne. Mwisho akabaki yeye na Eliasi, na Eliasi akasema akienda Liwale mchumba atamkimbia. Watu wakacheka, wakamtoa.

"Na wewe, Mwalimu Candida?" Mzee Shomari aliuliza kwa upole. "Ukiondoka, nani atahangaika?"

Candida alifungua mdomo. Akatafuta mtu wa kumtaja, akatafuta tena, hata wa kumsingizia.

"Hakuna, mzee."

"Basi hatuna haja ya kuchota."

"Chota," alisema Candida kwa hasira. "Tuliahidiana kura."

Mzee akatia mkono, akafungua karatasi, akalisoma jina lake. Walimu kumi na mmoja wakapiga makofi, kama wanavyompigia aliyeshinda, na Candida, kwa mazoea ya adabu, akasimama akashukuru.