Tumbo la Mama Mgando

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mgando aliuza mtindi kwa sharti moja: kikombe cha kwanza anakunywa mwenyewe, mbele ya wateja, mpaka tone la mwisho. Akishafuta sharubu nyeupe, foleni inasogea. Hakuwa na cheti cha usafi ukutani; alikuwa na tumbo, na watu waliliamini kuliko walivyowaamini wahubiri wao.

Kisha akateleza kwenye maziwa yake mwenyewe, mkono ukavunjika. Hospitali wakamchoma dawa ya usingizi wakamtia chuma. Mkono ukapona. Tumbo likagoma. Wiki ya tatu sasa, kila kikombe cha kwanza kilimwita chooni, naye alikuwa akiuza haraka haraka amebana, anatabasamu kama bibi harusi aliyebanwa na viatu.

Akarudi kwa daktari.

"Baba, mimi nesi aliniamsha kwa makofi ya mashavu. Hawa wadudu wa tumboni, waliolala pamoja nami, nani aliwaamsha?"

Daktari alikuwa amesoma miaka mingi mpaka akajua namna nzuri ya kusema hajui.

"Swali zuri, mama. Tumboni tuna bakteria wazuri wanaotusaidia. Kuna utafiti, mwingine wa panya, unaoonyesha huenda dawa ya usingizi inawavuruga. Lakini pia tulikupa antibiotiki. Pia ulishinda njaa. Pia uliogopa. Nani hasa kafanya, siwezi kuapa."

"Washukiwa wanne, polisi hakuna."

"Vumilia. Kwa kawaida hurudi wenyewe."

"Lini?"

"Polepole."

"Na hao panya, walipona?"

Daktari akaita mgonjwa anayefuata.

Kesho yake asubuhi foleni ilikuwa ya watu kumi na mmoja, fundi viatu mbele. Mama Mgando akainua kikombe. Tumbo likanguruma.

"Nani huyo anaitika?" fundi akauliza. Wakacheka.

Akanywa chote. Akafuta mdomo, akashika upawa.

"Haya, lete chombo chako."

Fundi hakusogea. Alikuwa anatazama saa.

"Hatuna haraka, mama. Wifi yako katuambia siku hizi baada ya kikombe unadumu dakika tano tu. Tunangoja zipite."

Wifi! Chumba cha pili, ukuta wa mbao, masikio ya bure.

"Mtindi ni mzima, jamani. Mbovu ni mimi."

"Ndiyo tunangoja tujue."

Dakika ya tatu jasho likamtoka kwenye nywele. Dakika ya nne akaweka upawa chini, taratibu, asimwage. Watu kumi na mmoja wakampisha njia.