Kona ya Msukaji wa Mikeka

Mvua za Tukuyu haziachi rangi ikauke. Nilipoanza kuchora, picha zangu ziliota ukungu chumbani, mpaka fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliponikaribisha bandani kwake mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini. Baadaye akaja mchonga vinyago, kisha dada msukaji wa mikeka kutoka Mpuguso. Tukawa wanne, tunachangia kodi na kuitiana wateja.

Dada yule alipojifungua, hakuonekana kwa miezi kadhaa. Mchongaji akasema, "Mama, kona yake iko tupu. Tumpe mwingine atakayechangia."

Mama aliendelea kushona. "Wewe ulipovunjika mkono, baba, kona yako alipewa nani?"

"Hakupewa mtu," akajibu taratibu. "Mlinichangia."

Wiki ile alichonga kigoda kifupi cha kukalia mama anayenyonyesha, akakiweka kwenye kona ile. Dada alirudi na mtoto mgongoni, akaketi, akaanza kusuka.

Zamani niliamini kipaji kinamtosha msanii. Siku hizi naona anahitaji pia mahali ambapo hatanyang'anywa akiugua au akizaa.