Kompyuta Tisa za Mwalimu Masikio

Wanafunzi ndio waliomwita Mwalimu Masikio, na yeye alilijua jina hilo kabla hata wao hawajajua kwamba analijua. Alikuwa akipita nje ya darasa, fimbo yake nyeupe ikigusa ukuta, akasikia mtu ananong'ona, "Kaeni, Masikio huyo." Akaingia, akasalimia, akamtaja aliyenong'ona kwa jina lake, somo likaanza. Tangu siku hiyo wakaacha kunong'ona wakawa wanaliita waziwazi.

Aliugua akiwa na miaka kumi na mmoja, homa ikamwachia uhai ikachukua macho. Mimi nilipoanza kufundisha jiografia pale shuleni, yeye tayari alikuwa na miaka kumi na minne kazini. Alifundisha Kiswahili kwa darasa lolote alilopangiwa, na juu ya hapo alikuwa mlezi wa wanafunzi tisa wasioona waliosoma pamoja na wenzao wanaoona. Chumba chao kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo na choo cha walimu. Ndani mlikuwa na mashine tatu za kuandikia nukta nundu. Moja ilikuwa nzima. Nyingine mbili zilikuwa zinang'ata karatasi.

Tatizo kubwa lilikuwa mitihani. Msahihishaji hajui nukta nundu, kwa hiyo kila mwanafunzi asiyeona alipewa mtu wa kumwandikia: yeye anasema, mwenzake anaandika. Mtihani wa majaribio wa mwaka ule ulipotoka, binti mmoja tuliyemwita Kasuku, kwa jinsi alivyosema haraka bila kumeza mate, alipata alama za kusikitisha. Mwalimu Masikio akaniomba nimsomee karatasi yake neno kwa neno. Nikamsomea. Sentensi zilikuwa zimekatwa, nyingine hazina kichwa wala miguu. Mwandishi alishindwa kwenda na kasi yake, akawa anachota maneno machache na kuacha mengi.

Kasuku alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema, "Mwalimu, mimi nilijibu sawa. Aliyekosea ni mkono wa mtu mwingine."

Hakulia, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi mwalimu wake. Jioni ile alikwenda kwa mkuu wa shule, akamweleza kwamba watoto wale wanahitaji kompyuta zenye programu ya kusoma kwa sauti. Mtoto anaandika, sauti inamsomea alichoandika, anajisahihisha mwenyewe, karatasi inachapishwa kama ya mtu mwingine yeyote. Programu yenyewe ilikuwa ya bure. Mkuu wa shule, mama mwenye maneno machache, alizungushana na bodi kwa wiki tano, mwishowe akarudi na jibu. Zimepatikana fedha za kompyuta mbili.

Mbili, za ile aina inayojulikana, ambayo kila ofisi inayo na kila mzazi anaitamani. Watoto ni tisa.

Mwalimu Masikio alilipeleka jambo hilo nyumbani kwa mkewe, fundi cherehani, ambaye aliona na ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza. Mkewe akamwambia kwamba pale karibu na anakonunua vitambaa kuna duka linauza kompyuta zilizotengenezwa kuiga ile mashuhuri, na kwamba kwa bei ya mbili unapata tisa na chenji inabaki. Mumewe akasema vitu vya kuiga anaviogopa. Mkewe akamjibu kuwa yeye nusu ya uzi anaotumia ni wa kuiga, kuna unaokatika ukiutazama tu na kuna alioshonea suti ya mumewe ya harusi. "Mimi huuvuta," akasema. "Nenda ukaivute."

Ndivyo nilivyoburutwa dukani Jumamosi moja asubuhi, niwe macho yake.

Mwenye duka alikuwa dada mchangamfu aliyezoea kuuza kwa macho. Alifungua kompyuta, akaongeza mwanga, akaweka picha ya maporomoko ya maji, kisha akamwona mteja wake vizuri, akapigwa na butwaa. Mwalimu akamwambia aendelee tu, maporomoko huwa anayapenda. Mimi nikamsomea jina lililoandikwa mgongoni. Lilikuwa jina la ile mashuhuri, wamebadilisha herufi moja tu. Alicheka mpaka akashika meza.

Halafu akaanza kazi. Aliomba ya kuiga na ile halisi ziwekwe sambamba mbele yake. Akazipima uzito kwa viganja. Akagonga vifuniko kwa kucha kama mnunuzi wa tikiti maji. Akapitisha vidole kwenye kibodi akakuta kasoro ya kwanza: ya kuiga haikuwa na vile vinundu viwili kwenye herufi F na J, ambavyo humwonyesha asiyeona mahali pa kuweka vidole. Kisha akafungua na kufunga kifuniko, akafungua na kufunga, akihesabu kimoyomoyo. Dada wa duka alikunywa chai yake yote, akaosha kikombe, akarudi akamkuta bado anafungua na kufunga.

Mwisho akatoa kifaa kidogo mfukoni, akaniomba nimsaidie kuweka programu ya sauti kwenye zote mbili. Akaandika jina lake kwenye halisi. Kila alipobonyeza, sauti ilitaja herufi papo hapo. Akahamia kwenye ya kuiga. Alibonyeza, ikakaa kidogo, ndipo ikasema. Mimi na dada wa duka hatukuona shida yoyote, pengo lilikuwa dogo kuliko kupepesa jicho. Lakini yeye alitoa mikono akaiweka mapajani.

"Kasuku ataiacha nyuma," akasema. "Itakuwa yule mwandishi tena, safari hii wa plastiki."

Tulirudi bila kompyuta. Nilidhani mambo yameishia pale, na moyoni nilianza kupanga jinsi watoto tisa watakavyopokezana kompyuta mbili. Yeye hakuwa amekata tamaa, alikuwa anawaza. Jumatatu wakati wa mapumziko alinifuata kwenye kiti changu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alitaka nimweleze, kitu kwa kitu, kila kilichokuwa kikionekana kwenye skrini ile tulipokuwa dukani. Nikajaribu kukumbuka: maporomoko yanayotiririka, saa inayozunguka, habari za hali ya hewa, vidirisha vinavyojifungua kwa madoido, matangazo ya michezo pembeni.

"Na yote hayo yanakwenda wakati mimi naandika?"

Nikamwambia ndiyo.

Akapiga paja lake. Mashine ile ni dhaifu, akasema, haina nguvu ya kubeba mizigo miwili, na huo mmoja inaobeba ni burudani ya wenye macho. Wanafunzi wake hawahitaji maporomoko. Tuutue mzigo huo tuone.

Siku hiyohiyo baada ya vipindi tulirudi dukani. Mimi nikiongozwa naye nilizima kimoja baada ya kingine: picha, saa, madoido, matangazo, programu ambazo hata mwenye duka hakujua zipo. Nikapunguza mwanga wa skrini mpaka ikawa nyeusi kabisa. Dada wa duka alisononeka kuona bidhaa yake inavuliwa nguo mbele za watu. Kisha mwalimu akaandika jina lake. Sauti ikafuata kidole. Akaandika haraka zaidi, ikafuata. Akaandika kama mtu anayefukuzwa, ikafuata, na kwa kuwa skrini ilikuwa imezimwa, sauti ilitutajia kwamba betri ingedumu siku nzima ya masomo na zaidi.

Bado hakununua. Alitaka hati ya dhamana ya mwaka mmoja, iliyosainiwa, si maneno ya mdomo. Dada alizungukazunguka, akasaini shingo upande. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kumzoea, akamwazima kompyuta moja aipeleke kwenye bodi.

Huko ndiko kulikokuwa na mlima wenyewe. Kwenye bodi alikuwepo mzee mmoja, ofisa wa forodha mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Orijino. Miaka thelathini alikuwa amekamata bidhaa bandia, na hakuvaa saa, viatu wala miwani ambayo hakuweza kukuthibitishia ilikotoka. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akatoa hoja yake bila kupaza sauti. Alisema kwamba watoto wale hawaoni, na duniani kuna tabia ya kumpa asiyeona kitu duni kwa sababu hataona kuwa ni duni. Yeye hatatia saini dhuluma ya namna hiyo.

Ilikuwa hoja nzito, na iliyotoka mahali pazuri. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma kama shahidi nilianza tena kugawa kompyuta mbili kwa watoto tisa.

Mwalimu Masikio akainuka. "Mzee wangu, nakushukuru," akasema. "Nimepewa vitu duni hivyo maisha yangu yote, na kila mara nilijua. Ndiyo maana hii niliipima siku mbili kabla ya kuileta kwako."

Akamwomba mkuu wa shule aweke mezani kompyuta ya ofisini kwake, ile halisi, kando ya ya kuiga. Kisha akamwomba Orijino afumbe macho, azishike. Mzee alifumba, akapapasa, na bila kusita akaweka mkono juu ya halisi. Alipatia. Wajumbe wakacheka, naye akatabasamu kwa ushindi.

"Umepatia," mwalimu akasema. "Kwa mkono, ile ni nzuri kuliko hii, sibishi. Sasa msomee binti yangu chochote unachotaka, kwa kasi unayotaka, naye aandike kwenye hii."

Kasuku akaingia, akakaa, hedifoni masikioni. Orijino hakumwonea huruma. Alianza kama anayesoma mashtaka mahakamani, kuhusu shehena iliyofika bandarini bila nyaraka, sentensi ndefu zenye vituo vingi, akiongeza kasi kila mstari. Vidole vya binti vilikwenda kama mvua juu ya bati. Mahali fulani akasimama, akainua uso.

"Samahani babu. Umesema 'masanduku hizo'. Niandike hivyohivyo au niweke 'hayo'?"

Orijino akamtazama yule mtoto, kisha yule mwalimu wake wa Kiswahili aliyekuwa amesimama pembeni akijitahidi kuuzuia uso wake usicheke. "Weka 'hayo'," akasema.

Binti akachomoa hedifoni, akairuhusu kompyuta isome kwa sauti kila mtu asikie. Ilisoma tangu bandari hadi nyaraka, hakuna neno lililopungua, na 'hayo' ikiwa mahali pake. Orijino akanyoosha mkono kuomba kalamu. Alisema zinunuliwe tisa, kila mtoto yake, na siku ya kuzipokea yeye mwenyewe atakwenda kuzikagua, kwa kuwa hamwamini mwenye duka yeyote aliye hai.

Na alikwenda kweli. Walikuwa wawili dukani, mmoja anatazama na mmoja anasikiliza, na kati ya zile tisa walikataa moja, tundu lake la hedifoni lilikuwa limelegea. Dada akaibadilisha bila ubishi. Mke wa mwalimu alikaa na sindano na gundi akadondosha tone dogo juu ya kila F na kila J, zikawa na vinundu kuliko hata zile halisi.

Sitasema kwamba hazikusumbua. Bawaba ya moja ilivunjika mwezi wa tatu, fundi redio akaikaza kwa skrubu ambayo hadi leo inaonekana kama pembe. Nyingine ilikuwa na chaja inayopata moto, ikabadilishwa. Lakini chumba cha mwisho wa korido kilibadilika. Ungepita pale ukasikia vibodi tisa vikilia kwa pamoja, halafu kimya, halafu kicheko cha mtoto aliyegundua kosa lake mwenyewe kabla mwalimu hajaligundua. Walimu tukaanza kupewa insha ndefu kuliko tulivyozoea. Mimi nilipokea kurasa sita kuhusu mmomonyoko wa udongo, nikalalamika, na nilikuwa nafurahi.

Mkuu wa shule alifuatilia kibali cha kompyuta hizo kutumika kwenye mtihani wa mwisho, akakipata zikiwa zimebaki siku kumi na mbili. Siku yenyewe watoto wote tisa waliingia bila mtu wa kuwaandikia. Msimamizi aliyeletwa kutoka nje ya shule alizunguka meza ya Kasuku mara tatu akitazama skrini nyeusi, hatimaye akamuuliza kama amekwama. Kasuku akamwambia yupo ukurasa wa nne, na kama hatajali, asimkatize.

Matokeo yalibandikwa ubaoni siku ya Alhamisi. Mwalimu Masikio aliniomba nimsomee majina tisa tu, nikayasoma. Akaniomba niyasome tena, polepole. Kisha nikamsomea kitu cha kumi ambacho hakukiomba, orodha ya Kiswahili ya shule nzima, wanaoona na wasioona, na jina la kwanza juu kabisa lilikuwa la Kasuku. Alisimama pale ameshika fimbo kwa mikono miwili, wanafunzi wakimpita huku na huku, na hakuficha machozi yake wala hakuyafuta.

Nilimsindikiza nyumbani. Mkewe alikuwa anashona mlangoni, akatuona tunakuja, lakini hakuacha kukanyaga cherehani.

"Wamefaulu wangapi?" akauliza.

"Tisa."

Cherehani ikasimama. "Kati ya wangapi?"

"Mke wangu," akasema, "kwani nina watoto wangapi?"