Nyanya Nyuma ya Televisheni

Majuzi, nikipita karibu na Muhoroni, niliona utepe wa kanda ya video umefungwa juu ya mtama kufukuza ndege. Ulivuma kwa upepo, nikakumbuka jenereta iliyovuma nje ya darasa kule Kombewa, nilipokuwa mtoto.

Shangazi Akoth alikuwa ametengeneza filamu kuhusu marehemu Nyanya, mama yake, kwa kamera aliyoiazima kwa mpiga picha wa harusi. Aliigiza Nyanya yeye mwenyewe, amevaa gauni la marehemu. Mchana wa kuionyesha tulijazana darasani, mablanketi yameziba madirisha, petroli ya jenereta na omena, wale dagaa wa ziwani, zikinuka. Nyanya alipotokea kwenye kioo na chungu kichwani, akina mama walipiga mayowe.

"Zima!" Baba Mkubwa alisimama. "Nguo za Mama hazijagawanywa, na wewe unachezea!"

"Sichezi," Shangazi alijibu. "Ukitaka kuzima, chomoa mwenyewe, watu wakuone."

Baba Mkubwa alikwenda nyuma ya televisheni, akanikuta nimekalia waya. Nilikuwa nikimngoja Nyanya. Nilikuwa nimemwona akikaribia ukingo wa kioo, nami niliamini kwamba akiupita tu, atatokea pale nilipokaa.

"Toka hapo!"

"Sitoki. Hajafika."

Watu walicheka, lakini Babu, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazishi, alinyanyua fimbo yake.

"Mwache mtoto," alisema. "Hata mimi namngoja."

Baba Mkubwa alirudi akaketi, tukaitazama filamu mpaka mwisho. Leo najua hakuna anayetokea nyuma ya televisheni. Hata hivyo, mtu akija tena kuchomoa waya ule, atanikuta nimeukalia.