Kinati cha Gurudumu la Nyuma

Mtaani walimwita Mzee Nati, naye hakukasirika, maana hata harusini alikwenda na grisi kwenye kucha. Miaka thelathini alikuwa karani wa stoo, lakini kazi iliyomlisha haikuwahi kumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni gari lake, sedani kuukuu ya bluu, aliyoipaka nta kila Jumamosi. Mkewe alikwisha kulipandisha cheo zamani. "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" aliuliza kila asubuhi, na mzee akacheka kicheko cha mtu aliyepatikana.

Ila ilipofika kazi ya kutoa upepo kwenye breki, aliitwa huyo huyo mke mkubwa. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja hukaa kwenye usukani, mwingine hulala chini na spana. "Kanyaga!" Mke anakanyaga. "Shikilia!" Mzee analegeza kinati, upepo unatoka na mafuta, anakifunga. "Achia!" Walifanya hivyo tangu ujana wao, na mzee aliamini ndoa yao imedumu kwa maneno hayo matatu. Huenda hakukosea.

Asubuhi moja walikuwa kwenye gurudumu la mwisho, nyuma kushoto, binti yao alipoingia getini na mjukuu wa miaka minne. Bibi akisikia sauti ya mjukuu hajui kusubiri. Aliachia pedali akaruka nje. Mzee akakifunga kinati kwa vidole tu, haraka haraka, spana atapitisha baadaye. Mjukuu akamrukia shingoni. Ikaja chai, na baada ya chai akaenda kuoga.

Alipotoka bafuni, gari halikuwepo.

"Binti yako kalichukua," mkewe akasema. "La kwake liko gereji, na mtoto ana miadi kwa daktari wa meno. Ufunguo nimempa mimi. Kwani vipi?"

Mzee alikuwa amepiga magoti pale gurudumu la nyuma lilipokuwa. Sakafuni palikuwa na doa bichi la upana wa kiganja. Akaligusa, akanusa.

"Sikukikaza," akasema.

"Hukukaza nini?"

"Breki, mama. Breki!"

Kutoka pale hadi mjini ni mteremko mmoja mrefu. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Haikupokelewa na isingepokelewa: ni yeye aliyemfundisha binti yake kuendesha, na amri ya kwanza ilikuwa kwamba mwenye usukani hana simu. Binti alimtii baba yake kwa mambo machache sana, na hilo lilikuwa mojawapo.

Jirani yao, fundi cherehani, akawapakia kwenye kigari chake. Fundi huyo huendesha kama anayepima kitambaa, na mzee alikanyaga sakafu njia nzima kumhimiza. Mzee alikuwa mtu wa kutamba kwamba dunia haimdai, wala yeye haidai. Wenzake waliwaza viwanja na maghorofa, yeye alisema, "Nina gari, nina mke, nina mtoto, nitake nini tena?" Leo ndipo alipojisikia alivyokuwa akiyapanga maneno hayo, gari mbele, mtoto mwisho, akaona haya. Lichukue, Mungu, aliomba kimoyomoyo, lichukue na injini yake, niachie wale wawili.

Chini ya mteremko watu walikuwa wamejaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Gari la bluu lilikuwa limezamisha pua kwenye rundo la mchanga, boneti imekunjamana. Mzee akabaki ameshikilia mlango wa kigari. Mkewe akatangulia, akapiga ukelele: "Wazima! Wote wazima!"

Binti alikuwa amekaa kando ya barabara, mtoto kifuani. Alipomwona baba yake alisimama upesi kama mtoto aliyevunja sahani.

"Baba, nisamehe. Nimekuharibia gari. Pedali ilizama tu, nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono... Kule juu kulikuwa na mchanga mwingine, baba, niliuona. Nikaupita. Nikasema nikiingia hapo rangi yote itachubuka. Nikatafuta pengine, na pengine hapakuwapo mpaka huku chini."

Maneno hayo yalimwingia Mzee Nati moja moja. Mtoto yuko kiti cha nyuma, breki hazipo, na binti yake anaihurumia rangi. Nani aliyemfundisha huruma hiyo?

"Si wewe," akasema. "Ni mimi. Nilikiacha kinati hakijakazwa, nikaenda kunywa chai."

Binti akamkazia macho. Woga ukamtoka usoni, hasira ikaingia.

"Ungetuua, baba."

"Ningewaua," mzee akajibu. Hakutafuta neno la kujitetea.

"Twendeni nyumbani," mama akasema. Fundi cherehani akauliza kama amwite mtu wa kulivuta gari, lakini mzee alikuwa akimpokea mjukuu. Walipokwisha kupanda ndipo binti akakumbuka kwamba milango iko wazi na ufunguo umebaki mle ndani.

"Baba, gari!"

Mzee alikuwa kiti cha nyuma, amempakata mjukuu, mikono yote miwili imemzunguka. Hakushuka.