Harufu ya Upya

Kwenye wodi ya watoto njiti wenzake humwita Mama Pua, naye wala hajali. Kabla ya kumwekea mtoto mrija wa kulishia, muuguzi huyu huupeleka puani kwanza, kama mtu anayenusa maziwa ajue kama yamechacha. Vidole vyake vimechanika kwa kunawa kutwa, lakini pua yake imegoma kuzoea. Mrija ukinuka plastiki kali anausonya, anautupa kwenye ndoo yake pembeni, anafungua mwingine. Juzi ndoo ilipofurika, kampuni ya mirija ikamtuma mtu wake, viatu vinang'aa. Akanusa hewa, akacheka. "Sista, hiyo ni harufu ya upya tu. Haina neno."

Mama Pua hapandishi sauti mbele ya watoto wale. Alifungua pakiti, akamnyooshea mrija. "Basi uweke mdomoni, kaka, ukae nao mpaka kesho. Mwenzio huyu ana kilo moja na robo, anakaa nao wiki nzima, na hawezi hata kusonya." Yule bwana akarudi nyuma hatua moja, akajifuta mkono kwenye suruali. Na mrija alikuwa hata hajaugusa.